Safari ndefu kwa pikipiki: Kifaa cha kudondosha oili kinavyookoa cheni

Dereva wa pikipiki anayetoka Dar es Salaam kwenda Moshi kula sikukuu ana zaidi ya kilomita 500 mbele yake. Wengi hucheki tairi, breki na oili ya injini. Cheni hupakwa oili mara moja asubuhi, basi.

Shida ni kwamba oili hiyo haifiki mbali. Cheni ikizunguka huirusha nje, vumbi huganda kwenye iliyobaki na mvua huiosha. Cheni kavu hulika haraka na kulegea. Ikiruka kwenye sproketi, inaweza kubana tairi la nyuma pikipiki ikiwa kasi. Hapo si suala la spea tena, ni la uhai.

Kinafanyaje kazi?

Ni kitangi kidogo kinachofungwa kwenye fremu, na mpira mwembamba unaopeleka oili hadi kwenye sproketi ya nyuma. Sproketi inapozunguka, huisukuma oili yenyewe kwenda kwenye cheni.

Kuna aina mbili za kawaida. Ya kwanza huunganishwa sehemu injini inapovuta hewa, kati ya kabureta na injini. Injini ikizimwa, oili inakata. Ya pili ina koki ya mkono. Ni rahisi zaidi, ila dereva akisahau kuifunga atakuta oili yote iko chini.

Makosa ya kuepuka

- Oili kuzidi. Tone moja au mawili kwa dakika yanatosha. Ikizidi inarukia tairi, na kwenye kona pikipiki inateleza.
- Mpira kukaa vibaya. Uwe mbali na ekzosi, na usiguse cheni. Ncha yake isielekee kwenye tairi wala breki.
- Hewa kuvuja. Maungio yakilegea, injini inaanza kumisi.
- Kutumia oili chafu ya injini. Ina uchafu na chembe za chuma zinazosaga cheni.
- Kufunga kwenye cheni iliyochoka. Kifaa hakiifufui. Kama imekwisha, ibadilishwe pamoja na sproketi zake.

Kabla ya kufunga, cheni isafishwe kwa mafuta ya taa na brashi, injini ikiwa imezimwa na tairi likizungushwa kwa mkono. Wapo waliopoteza vidole kwa kusafisha cheni injini ikiwaka.

Kifungwe lini?

Si asubuhi ya safari. Wiki moja kabla ni vizuri, ili dereva azunguke nacho mjini kwanza. Kisha akague: cheni ikiwa na unyevu kidogo tu, mambo safi. Akiona michirizi ya oili kwenye rimu au tairi, afute na kupunguza matone.

Na kama hela ya kifaa haipo? Abebe kichupa cha oili ya gia na kitambaa. Akisimama Chalinze, Korogwe na Same, azime injini na kuipaka cheni ikiwa bado ya moto. Ni kazi ya dakika chache.