Je, Wajua? Kioo cha Mpagazi Mmoja
Mpagazi wa Kinyamwezi aliyepita Tura, Unyamwezini, na msafara, akienda Tabora au akishuka pwani, alibeba kilo 30 hivi. Kwa kipimo hicho, kioo kikuu cha darubini ya angani ya Hubble, chenye kilo 828, kingetaka wapagazi 28! Lakini kipande kimoja cha kioo cha darubini ya angani ya Webb, cha metali ya berili iliyochongwa mgongo hadi zikabaki mbavu nyembamba, kina kilo 20 tu, mzigo wa mpagazi mmoja. Kwenye satelaiti ndogo hata gramu huhesabiwa, kwani kurusha uzito ni ghali. Marekani, kwa sheria ya 1982, ilianza kutenga fedha za utafiti kwa kampuni ndogo, na kwa fedha hizo NASA imegharimia utafiti wa vioo vyepesi. Hata Afrika Mashariki ina mfano wa satelaiti ndogo: Taifa-1 ya Kenya, iliyorushwa 15 Aprili 2023 kwa roketi ya SpaceX.