Goma: Jaribio la shuleni linaona kloridi, lakini floridi ya volkano inapita bila kuonekana

Katika vijiji vilivyo upande wa magharibi wa volkano Nyiragongo, kama Rusayo, jimboni Kivu ya Kaskazini, maji ya kunywa yanatoka mbinguni. Mito hakuna. Mvua ikinyesha, mawe ya lava yanaimeza papo hapo. Basi wakaaji wanaweka bidoni na mapipa chini ya paa za mabati, na kila familia inachota hapo. Maji hayo ni maangavu, hayana harufu wala rangi. Lakini kuna watoto wanaokua huko na meno yenye madoa meupe au ya kahawia, ambayo hakuna mswaki unaoyaondoa.

Chanzo cha madoa hayo ni floridi. Volkano haingoji kulipuka kama tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 au tarehe 22 mwezi wa tano 2021 ndipo itoe gesi. Moshi wake unabeba gesi ya salfa, gesi ya asidi ya kloridi na gesi ya asidi ya floridi, na mara nyingi upepo unausukuma upande wa magharibi. Mvua inayopita ndani ya moshi huo inashuka na salfati, kloridi na floridi. Wanakemia wanaziita anioni, maana yake chembe zenye chaji hasi zinazobaki ndani ya maji wakati chumvi au asidi imeyeyuka.

Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 za floridi kwa lita moja ya maji ya kunywa. Mtoto anayepita kikomo hicho kwa muda mrefu, wakati meno yake ya ukubwa yangali yanajengeka ndani ya ufizi, anaota meno yenye madoa ya kudumu. Kiasi kikiwa kikubwa zaidi na kwa miaka mingi, mifupa na viungo navyo vinaharibika. Watafiti waliopima maji ya mvua kuzunguka Nyiragongo wamekuta mahali ambapo kikomo hicho kimepitwa.

Sasa mtu atajuaje ni anioni gani iko ndani ya bidoni yake? Kila mwanafunzi aliyesoma kemia katika sekondari anakumbuka jibu la kwanza: nitreti ya fedha. Unaweka maji kidogo katika tubu ya kioo, unaongeza matone ya asidi ya nitriki, kisha tone la nitreti ya fedha. Kukiwa na kloridi, mashapo meupe kama maziwa yaliyoganda yanatokea mara moja. Ukitia amonia, yanayeyuka tena, na hapo umehakikisha.

Asidi inatangulia kwa sababu maalumu. Kaboneti nayo inatoa mashapo ikikutana na fedha, hivyo asidi inaifukuza kwanza ikiwa mapovu ya gesi, ile inayofanya maji ya chokaa yawe kama maziwa. Na lazima iwe asidi ya nitriki. Anayetia asidi ya kloridi ameongeza mwenyewe kile anachokitafuta, na majaribio mengi ya shuleni yanaharibikia hapo. Mengine yanaharibika kwa tubu iliyosafishwa na maji ya bomba yaliyo tayari na kloridi.

Kwa salfati, dawa ni kloridi ya bariamu ndani ya maji yenye asidi ya kloridi: mashapo meupe mazito yasiyoyeyuka hata ukiongeza asidi. Chumvi hiyo ya bariamu ni sumu, haifai kuguswa na mikono mitupu. Nitreti, inayoweza kutoka vyooni, haitoi mashapo hata kidogo. Inatafutwa kwa duara la kahawia linalojitokeza kati ya maji na asidi ya salfuriki.

Kwa maji ya mvua ya Rusayo, hatari iko katika jaribio lile la kwanza. Fedha inakamata kloridi, inakamata pia bromidi na iodidi, ambazo ni za ukoo mmoja na floridi. Floridi yenyewe haikamati. Chumvi ya fedha na floridi inayeyuka kupita kiasi: lita moja ya maji inabeba zaidi ya kilo moja yake. Mwanafunzi anayeona tubu imebaki angavu anaandika kwenye daftari kwamba hakuna kitu, kumbe floridi iko pale pale.

Kalsiamu inasaidia kidogo tu. Inatoa na floridi mashapo meupe, ila chumvi hiyo nayo inayeyuka kiasi: lita ya maji safi inaweza kuficha karibu miligramu 16 zake, na ndani yake floridi karibu miligramu 8. Kiasi hicho ni zaidi ya mara tano ya kikomo. Floridi inayochafua meno ya mtoto ni ndogo mno kuonekana kwa njia hiyo. Njia ya zamani ya kumwagia chumvi asidi ya salfuriki kali ili mvuke wake ule kioo, isijaribiwe darasani wala nyumbani. Mvuke huo unachoma ngozi na mapafu.

Jaribio linalofaa linatumia rangi. Wanachanganya chumvi ya zirkoniamu na rangi iitwayo alizarini ndani ya asidi, na maji yanakuwa mekundu. Wakidondosha maji yenye floridi, floridi inanyang'anya zirkoniamu, inaifunga kwake, na alizarini ikibaki peke yake inageuka manjano. Hapo hakuna mashapo ya kungoja. Jicho linafuata rangi tu. Lakini salfati au fosfati ikiwa nyingi inaweza kufifisha rangi hiyo hiyo, na mvua ya volkano inashuka na salfati. Ndiyo maana jaribio la bariamu linafanywa kwanza, na maabara yenye vifaa inachemsha sampuli na kukusanya mvuke wake ili kutenga floridi kabla ya kuipima. Kujua kama ni miligramu 1 au 4 kunahitaji hatua nyingine tena, kwa mfano kijiti cha umeme kinachosoma floridi peke yake.

Nyumbani, njia zinazofahamika na wazazi hazisaidii hapa. Kuchemsha kunaua vijidudu, ila maji yanapungua na floridi inabaki, hivyo kila lita inakuwa na floridi nyingi kuliko mwanzo. Klori inayotiwa ndani ya bidoni ili kuzuia kolera inafanya kazi yake, na iendelee kutiwa, lakini haigusi floridi.

Bonde la Ufa linalopita Goma lina mkono mwingine unaopita Kenya na Tanzania, na huko floridi ni tatizo la muda mrefu. Nakuru na Arusha wamejifunza kutumia mifupa ya ng'ombe: inachomwa katika tanuri lenye hewa kidogo, inasagwa kuwa punje, na maji yanapitishwa humo polepole. Madini ya mfupa yanaishika floridi. Kwa Tanzania, kituo cha utafiti cha Ngurdoto karibu na Arusha kimefanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Chujio la aina hiyo lina mwisho wake. Punje zikishajaa, maji yanaendelea kutoka maangavu vilevile na ladha haibadiliki, ila floridi inapita yote. Kinachoweza kumwambia mwenye nyumba kwamba siku ya kubadilisha mifupa imefika ni kupima tena floridi yenyewe, na vijiji vingi vya magharibi ya Nyiragongo viko mbali na maabara inayoweza kufanya hivyo.