Usukani Huchaguliwa kwa Mkono, si kwa Macho

Neno usukani halikuzaliwa barabarani. Kabla gari halijafika pwani yetu, usukani ulikuwa ule ubao wa nyuma ya chombo ambao nahodha aliutumia kukielekeza majini. Kiarabu kina neno sukkan, na Wasomali wa huku Modogashe, ambao wengi wao hawajapata kuiona bahari, hukiita kile anachokishika dereva shukaan. Mimi ni mwalimu wa isimu, na kilichonileta katika mji huu, inapokutana barabara itokayo Garissa na ile ya Isiolo iendayo Wajir na Mandera, ni msamiati wa madereva. Lakini anayekaa na watu wa magari hatimaye husikia mambo ya magari, na moja kati ya hayo limenishikisha kalamu.

Kijana mmoja, mwanafunzi wa chuo aliyekuwa likizoni, alinionyesha kwa fahari pikapu ya mjomba wake. Usukani wa asili ulikuwa umeng'olewa. Mahali pake palifungwa mwingine mdogo, wa mikono mitatu ya alumini, uliovishwa ngozi nyekundu, nacho kirungu cha gia kilikuwa cha chuma king'aacho. "Huu ni wa Safari Rally, mwalimu," akaniambia.

Kweli, Safari ina historia yake. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, na mwaka 1973 Shekhar Mehta aliyashinda kwa Datsun 240Z, gari la michezo hasa. Usukani wa namna hiyo nao una asili yenye maana. Gianpiero Moretti, dereva wa mashindano wa Italia aliyeanzisha Momo katika miaka ya 1960, alitaka usukani wenye mshiko mnene zaidi ili mkono usiteleze. Alianzia kwenye kiganja. Rangi ilikuja baadaye. Tena dereva wa mashindano huvaa kofia ngumu, hufungwa mikanda kifuani na mapajani, na huzungukwa na mabomba ya chuma.

Abiria wa pikapu ya Modogashe hana hata kimoja katika hivyo. Aghalabu abiria huyo ni mwalimu anayerejea kituoni baada ya likizo.

Wanafunzi wa fizikia na wanisaidie hapa. Usukani wenye kipenyo cha sentimita 40 ukibadilishwa kwa wa sentimita 35, nguvu inayohitajika kuuzungusha huongezeka kwa sehemu moja ya saba. Katika lami laini, na pampu ikisaidia, dereva hahisi kitu. Gari lisilo na pampu likizama mchangani, atahisi mabegani. Usukani wa lori haukufanywa mpana kama sinia kwa bahati mbaya. Zaidi ya hayo, katika magari mengi ya siku hizi usukani wa asili hubeba ndani yake mfuko wa hewa unaofumuka gari ligongapo. Ukiung'oa, umeutupa mfuko pamoja nao, na ule wa dukani kwa kawaida hauna.

Kirungu ni jambo jepesi zaidi, nami sina ugomvi na anayetaka kukibadilisha. Kikiwa kizito kidogo, gia huingia kwa ulaini. Tatizo la chuma ni jua: gari lililoegeshwa hapa adhuhuri hukifanya kiwe kaa la moto. Mti au ngozi hufaa zaidi. (Katika magari yetu kazi hiyo ni ya mkono wa kushoto, ule wa kulia, ambao jina lake tumelitoa katika kula, hubaki usukanini.) Mtu apime pia tundu la kirungu, kwa maana fimbo za gia za kampuni mbalimbali hazina hesabu moja ya nyuzi, na kilicholazimishwa hung'oka safarini.

Lakini lililonishughulisha zaidi, kwa mtu wa kazi yangu, ni maandishi. Juu ya kirungu huchorwa ramani ya gia. Kile cha kijana kilitoka katika gari jingine: kilionyesha gia ya kurudi nyuma iko juu kushoto, ilhali katika pikapu ile iko chini kulia. Yeye alijua, maana alikifunga mwenyewe. Nilipomuuliza nani angeendesha usiku kuelekea Wajir, akanijibu kwamba ni binamu yake, ambaye alikuwa hajawahi kuliendesha gari hilo.