Sura ya Tano: Timu ya Mchujo

Mtoto anaweza kucheza mechi nzima ya besiboli asiuguse mpira hata mara moja. Kwenye soka hilo ni gumu. Hata beki mvivu wa chandimu mpira utamfuata, utamgonga mguuni, utamlazimisha autoe. Besiboli haina huruma hiyo. Wanasimama tisa uwanjani, na wawili tu, mrushaji na mdakaji, ndio wanaoshughulika na kila mrusho. Saba waliobaki wanasubiri. Katika mechi ya watoto wa miaka tisa wanaojifunza, yule aliyepangwa nyuma kabisa upande wa kulia atasubiri mpaka aanze kung'oa nyasi na kuwapungia mkono wazazi wake.

Chanzo ni mrushaji. Mtoto wa umri ule bado hawezi kulenga. Anatakiwa aupitishe mpira juu ya kibao cha nyumbani, kati ya magoti na kifua cha mpigaji, naye anaupeleka kichwani, mavumbini au kwenye wavu. Mrusho mbovu ukifika wa nne, mpigaji anapewa kituo cha kwanza bure. Anayemfuata naye ni hivyohivyo. Watoto wenye akili hung'amua mapema kwamba ukisimama tu na gongo begani utafika mbali, basi wanasimama. Saa nzima inapita, ubao umejaa mabao, na hakuna aliyepiga wala aliyedaka.

Mtoto anayeupenda mchezo huu kweli huumia hapo. Amelala na glovu chini ya mto, amekuja uwanjani, na mchezo haujamfikia. Thamani ya timu ya mchujo naianzia kwake. Makombe na sare mpya hazinishughulishi.

Marekani ina njia mbili za kumlea mchezaji mdogo. Ya kwanza ni ligi ya mtaa. Little League, mama wa ligi hizo, ilianzishwa na Carl Stotz mjini Williamsport, Pennsylvania, mwaka 1939, ikiwa na timu tatu tu. Misingi yake ni miwili: kila ligi ina mipaka yake ya makazi, na kila mtoto lazima acheze. Kanuni inamhakikishia kila mmoja zamu moja ya kupiga na muda wa kukaa uwanjani mpaka wapinzani sita watolewe, yaani awamu mbili kati ya sita za mechi. Msimu ukiisha, ligi inateua bora wake wanaopanda ngazi wilaya, jimbo, kanda, hadi fainali za dunia zinazofanyika katika eneo hilohilo la Williamsport tangu 1947. Msomaji aliyepitia UMITASHUMTA ameshaijua ngazi hiyo: ni kombaini, kama ile ya kata inayokwenda wilayani na ya wilaya inayokwenda mkoani. Mipaka hiyo haichezewi. Mwaka 2014 watoto wa Jackie Robinson West kutoka Chicago walitwaa ubingwa wa Marekani, na miezi michache baadaye wakavuliwa kwa sababu watu wazima waliowasimamia walikuwa wamewachukua wachezaji wa nje ya eneo lao. Watoto wale hawakuchora ramani yoyote, lakini wao ndio waliopoteza.

Njia ya pili ndiyo timu ya mchujo. Haina mipaka ya mtaa. Inaita watoto kwenye majaribio, inachagua kumi na wawili hivi, inawafanyisha mazoezi sehemu kubwa ya mwaka, na mwisho wa juma inasafiri kwenda kwenye mashindano ambako hucheza mechi nne au tano kwa siku mbili. Wazazi ndio wanaolipa. Huko East Cobb, jirani na Atlanta, timu za namna hii zimewatoa wachezaji wa ligi kuu kama Brian McCann na Jason Heyward. Karibu na Cooperstown, New York, tangu 1996 timu za watoto wa miaka 12 hukusanyika kwa juma zima, zikilala kwenye mabweni na kucheza asubuhi mpaka usiku.

Sasa tuone mtoto anachokipata. Uwanja mdogo una mita 14 kutoka mahali anaposimama mrushaji hadi kwenye kibao. Mrushaji wa kawaida wa ligi ya mtaa, mwenye miaka 11, akirusha kilomita 80 kwa saa, mpira unafika kwa sekunde 0.63. Mkali wa timu ya mchujo akirusha kilomita 110, unafika kwa sekunde 0.46. Tofauti ni chini ya kupepesa jicho, ila ndani yake ndimo mpigaji anapotakiwa auone mpira, aamue kama unafaa, na alete gongo. Anayekutana na mpira wa kwanza kila juma anajifunza kusubiri aone. Akiletewa wa pili, anakuta amechelewa kabla hajaanza. Hakuna maelezo ya kocha yanayoziba pengo hilo. Jicho hujifunza kwa kuona mipira ya kasi mara mia, mara elfu, mpaka mwili uanze kuamua wenyewe. Ligi ya mtaa inaweza kumpa mtoto mrushaji wa namna hiyo mmoja au wawili kwa msimu. Timu ya mchujo inampa kila mechi.

Halafu kuna woga, nao nautaja kwa heshima. Aliyecheza rede utotoni anakumbuka mwili unavyojikunja mpira unapokuja. Kwenye rede ndivyo inavyotakiwa, ukwepe. Mpigaji wa besiboli anaombwa afanye kinyume: mpira wa gramu 145, mgumu, unamjia ubavuni, naye asogeze mguu mbele. Mtoto aliyepigwa mbavuni na mrushaji asiyejua kulenga huwa na haki ya kuogopa, na wengi huacha mchezo kwa siku ile moja. Warushaji wanaolenga vizuri, hata wakiwa na kasi, humpa mpigaji imani ya kusimama. Sikulitarajia hili nilipoanza kuufuatilia mchezo huu: mpira mkali unaokuja mahali pake humtisha mtoto kidogo kuliko mpira mlegevu usiojulikana unakokwenda.

Kitu cha tatu ndicho ninachokipenda kuliko vyote, na ni vigumu kukiona ukiutazama mpira peke yake. Mpira umepigwa, umepita pengoni kati ya mchezaji wa nyuma katikati na wa nyuma kulia, na mkimbiaji mmoja alikuwa kituo cha kwanza. Kwenye timu ya wanaojifunza, watoto wawili wanaukimbilia, wengine saba wanapiga kelele, na atakayeuokota anaurusha kwa nguvu zote anakojua yeye. Kwenye timu iliyofunzwa, tisa wote wanahama. Wa kituo cha pili anatoka mbio hadi nusu ya uwanja wa nyuma, anainua mikono ili apokee na kuunganisha mrusho. Jirani yake anamfuata hatua chache nyuma, mpira ukimpita auchukue yeye. Wa kituo cha kwanza anamfukuzia mpigaji kuelekea cha pili. Wa tatu anakilinda kituo chake, mdakaji analinda nyumbani. Mrushaji, ambaye kazi yake ungedhani imekwisha, anakimbia kusimama nje ya mstari kati ya kituo cha tatu na nyumbani, akisoma mrusho utaangukia wapi ili auzuie usipotee. Hata wa nyuma kushoto, aliye mbali na tukio lote, anasogea kuelekea kituo cha tatu.

Sita kati yao hawataugusa mpira ule. Wamehama kwa sababu huenda mwenzao akakosea. Huwezi kumfundisha mtoto jambo hilo peke yake, hata umwajirie kocha wa saa kwa saa. Linahitaji watoto tisa wanaojua kwa pamoja, na mmoja asiyejua anatosha kuliharibu. Ndiyo maana mtoto hodari kwenye timu dhaifu hudumaa: anahama mahali sahihi mara tano, mrusho haufiki, mara ya sita anabaki amesimama. Wenzake wanaojua ndio wanaompa sababu ya kukimbia tena.

Siamini, hata hivyo, kwamba faida hizi zinapatikana umri wowote. Mchujo wa miaka minane au tisa, kwa sehemu kubwa, unachuja tarehe za kuzaliwa. Kwa miongo mingi Little League ilihesabu umri kwa kikomo cha 31 Julai, hivyo aliyezaliwa Agosti alikuwa mkubwa kuliko wote wa rika lake, na wa Julai mdogo kuliko wote. Watu walipokuja kuhesabu wachezaji wa ligi kuu waliozaliwa Marekani, waliwakuta wa Agosti wengi kuliko wa Julai kwa tofauti isiyoweza kuwa bahati. Mtoto anamzidi mwenzake miezi kumi na moja, ana kimo zaidi, anapiga mbali zaidi, anateuliwa. Akiteuliwa anapata mazoezi zaidi, na mwaka wa pili anakuwa bora kweli. Yule wa Julai anaambiwa hana kipaji, naye anaamini. Timu inayofunga mlango wake kwa watoto wa miaka kumi inatupa wachezaji isiowajua.

Umri ambao ningemsukuma mtoto kwenda kwenye mchujo ni miaka 13 hivi, kwa sababu ya uwanja. Mpaka 12 amecheza vituo vikiwa mita 18.29 kutoka kimoja hadi kingine. Kwenye uwanja wa wakubwa umbali huo ni mita 27.43, na mrushaji anarudi nyuma kutoka mita 14.02 hadi 18.44. Mwili wake haujaongezeka kwa kiasi hicho. Mrusho uliokuwa unafika kituo cha kwanza sasa unadunda mara mbili. Wengi huaga mchezo hapo, wakidhani wameishiwa, kumbe wamehamishiwa nyumba kubwa kabla ya kurefuka miguu. Timu nzuri ya mchujo huwapitisha kipindi hicho kwa viwanja vya vipimo vya kati, makocha wanaojua kurekebisha mwendo wa mkono, na wenzao wanaohangaika vilevile.

Gharama yake kwanza ni mkono. Mwaka 1974 daktari Frank Jobe alimtengenezea Tommy John, mrushaji wa Los Angeles Dodgers, kano ya kiwiko kwa kuhamisha ukano wa sehemu nyingine ya mwili. Upasuaji uliobuniwa kwa mtu mzima mwenye taaluma yake leo unafanywa kwa vijana wa sekondari. Watafiti wa Birmingham, Alabama, waliwafuatilia warushaji 481 walioanza wakiwa na miaka 9 hadi 14, kwa miaka kumi, na mwaka 2011 wakaeleza kwamba waliorusha zaidi ya awamu 100 kwa mwaka walikuwa na hatari ya kuumia vibaya mara tatu na nusu ya wenzao. Little League imeweka kikomo cha mirusho tangu 2007: 85 kwa siku kwa wa miaka 11 na 12, na anayefika 66 anapumzika siku nne. Hatari inaingilia katikati ya timu mbili. Jumamosi mtoto anarusha kwa timu ya mchujo, Jumatatu kwa ligi ya mtaa, kila kocha ana daftari lake safi, na kiwiko ni kimoja.

Gharama ya pili ni fedha, na hii inanikera. Andrew McCutchen, mchezaji bora wa National League, mojawapo ya ligi mbili zinazounda ligi kuu, mwaka 2013, alikulia Fort Meade, mji mdogo wa Florida, katika familia isiyo na uwezo. Mwaka 2015 aliandika wazi kwamba asingeonekana kama kocha mmoja wa timu ya kusafiri asingembebea gharama zake. Yeye alibebwa. Mwaka 1981 Wamarekani weusi walikuwa takriban asilimia 19 ya wachezaji wa ligi kuu. Mwaka 2024 walikuwa asilimia 6. Sababu ni nyingi, na ada za timu hizi ni mojawapo. Wakati huohuo watoto wa Jamhuri ya Dominika wanacheza vitilla mitaani, wakipiga kifuniko cha dumu la maji kwa mpini wa ufagio, na kifuniko kile hupinda hewani kuliko mrusho wowote. Jicho linalopatikana pale halilipiwi ada. Nao watoto wa Uganda, ambao mwaka 2011 walinyimwa viza na mwaka 2012 wakafika Williamsport wakitokea Lugazi, timu ya kwanza ya Afrika kufika pale, mwaka 2015 walirudi na kuwafunga haohao wa Dominika 4 kwa 1. Ukali wa mpira na wingi wake vinaweza kupatikana bila hoteli za mwisho wa juma, penye mtu wa kuwapanga watoto na kuwakalia saa nyingi.

Kwa hiyo mzazi akiniuliza aichague timu ipi, simpeleki kwenye kabati la makombe. Namwambia aende mazoezini Jumatano bila taarifa, akae pembeni, ahesabu mipira. Mwanawe akisimama kwenye foleni dakika ishirini akisubiri zamu ya kupiga, hiyo ni ligi ya mtaa yenye ada kubwa. Atazame wa mwisho kikosini anachezeshwa lini. Kisha aende siku ya mechi amtafute anayehesabu mirusho, kwa kawaida mama au baba mmoja kwenye kiti cha kukunja, mwenye kidude cha kubonyeza mkononi na penseli sikioni. Mtoto wa miaka 12 anarusha vizuri, timu yake inaongoza kwa bao moja, wapinzani wana mkimbiaji kituo cha tatu. Kidude kinasoma 85, na timu hii imeamua kufuata kikomo cha Little League. Kanuni inamruhusu ammalize mpigaji aliye mbele yake, basi. Anammaliza. Kocha anatoka, ananyoosha mkono, mtoto anauweka mpira kiganjani mwake bila kumtazama na kwenda kusimama kituo cha kwanza, kwa sababu aliyerusha 41 na zaidi haruhusiwi hata kudaka siku hiyo. Anayeingia badala yake ana mkono dhaifu, na uwanja mzima unajua. Kocha anampa mpira, anarudi benchini, anakaa.