Mfumaji wa Hariri na Darubini ya Shaba

Mtu ashikapo darubini ya zamani husifu kwanza mng'aro wa shaba yake. Lakini shaba ni nyumba tu. Mwenye nyumba ni kioo. Historia ya kioo hicho yaonyesha jinsi kazi ya mikono na subira vilivyoweza kusahihisha neno la mwanachuoni mkubwa.

Neno darubini limetoka katika lugha ya Kiajemi, na maana yake ni kionacho mbali. Katika mwaka 1608 Hans Lipperhey, fundi wa miwani wa Uholanzi, aliomba serikali yake impe haki ya kukitengeneza chombo hicho. Mwaka wa pili yake Galileo wa Italia alijitengenezea cha kwake, na mwezi wa Januari 1610 akaiona miezi inayoizunguka Mushtarii.

Darubini hizo zilikuwa na kasoro moja kubwa. Nuru ipitapo katika kioo hupinda, na ikipinda hutawanyika kuwa rangi, kama upinde wa mvua. Kwa hiyo kila nyota ilionekana ina ukingo wa rangi nyekundu na samawati. Mafundi walipunguza aibu hiyo kwa kurefusha darubini, hata Hevelius wa Danzig akajenga moja yenye urefu wa futi 150, iliyoning'inizwa kwa kamba juu ya mlingoti. Isaac Newton alikata shauri kwamba kasoro hiyo haina dawa, naye katika mwaka 1668 akatengeneza darubini ya kioo cha kujitazamia. Kwa kuwa heshima yake ilikuwa kubwa, wengi walikata tamaa.

John Dollond alizaliwa London katika mwaka 1706, katika jamaa ya Waprotestanti waliokimbia mateso ya Ufaransa. Kazi yake ilikuwa kufuma hariri, lakini saa za mapumziko alijifunza hesabu na elimu ya nuru. Mwanawe Peter alifungua duka la miwani mwaka 1750, na baada ya miaka miwili baba akauacha mtambo wa kufumia akafanya kazi pamoja naye.

Hapo kwanza Dollond alimtetea Newton. Baadaye Klingenstierna, mwalimu wa chuo cha Uppsala katika Sweden, alionyesha kwa hesabu kwamba maneno ya Newton hayawezi kuwa kweli siku zote. Dollond hakujibu kwa ubishi, bali alipima. Katika mwaka 1757 alitia kipande cha kioo chenye pembe tatu ndani ya chombo cha maji, akakiweka hata nuru ikatoka imenyooka. Kama Newton amesema kweli, rangi zingetoweka, lakini zilibaki.

Ndipo akajaribu vioo vya namna mbili: kioo cha kawaida, na kioo kizito chenye madini ya risasi, ambacho hutawanya rangi zaidi. Cha kwanza alikichonga kiwe na tumbo, cha pili kiwe na bonde, akaviunganisha. Rangi zilizotawanywa na kimoja zilikusanywa na mwenziwe, na nuru ikabaki imepinda vya kutosha kufanya taswira safi. Katika mwaka 1758 Royal Society ya London ilimpa nishani ya Copley.

Kazi yenyewe yataka mkono mtulivu. Kioo husuguliwa juu ya bakuli la chuma kwa maji na unga wa msasa, kwanza wa chenga, kisha laini, na mwisho hung'arishwa juu ya lami. Bamba la shaba iliyochanganywa na zinki huviringishwa juu ya nondo, likaungwa kwa moto, na ndani likapakwa rangi nyeusi ili nuru ya kando isiingie machoni. Mianzi huingiana ili darubini ifupike. Nguvu yake hupatikana kwa hesabu nyepesi: kioo cha mbele kikikusanya nuru kwa umbali wa inchi 30, na cha jichoni kwa inchi 1, kitu huonekana kikubwa mara 30. Vioo viwili vyenye matumbo hupindua taswira juu chini. Kwa hiyo darubini ya baharia huongezwa vioo vingine vya kuisimamisha.

Dollond alipata hati ya kutengeneza vioo hivyo peke yake, akafariki katika mwaka 1761. Peter alipowashtaki mafundi wengine, wao walitoa hoja kwamba baba yake hakuwa wa kwanza. Walisema kweli. Chester Moor Hall, mwanasheria wa Essex, alikuwa amekwisha kutengeneza kioo cha namna hiyo mnamo mwaka 1733. Yasemekana kwamba, ili kuficha siri yake, aliagiza vipande viwili kwa mafundi wawili mbalimbali, nao bila kujua wakampa kazi fundi mmoja, George Bass. Hata hivyo, katika mwaka 1766 mahakama ilimpa Peter haki, kwa kuwa Hall hakuwatangazia watu elimu yake.

Hall aliijua siri hiyo miaka 25 kabla ya mfumaji, lakini manahodha hawakupata faida yoyote kwa ujuzi uliofungiwa sandukuni. Darubini walizozishika mikononi zilikuwa zimechorwa jina la Dollond.