Hesabu ya mtungi wa maji yafumbua fumbo la aljebra

MAMA anayenunua maji Gatwekera, mojawapo ya vijiji vya mtaa wa Kibera, Nairobi, hufanya kila asubuhi hesabu ambayo humtoa jasho mwanawe wa Gredi ya Saba. Maji huuzwa kwa mtungi wa lita 20 na bei hupanda mifereji inapokauka, ilhali pesa za matumizi hubaki zilezile.

Darasani, hesabu hiyo huitwa aljebra. Imegawanyika katika milinganyo, ambapo pande mbili ni sawa, na hesabu za kutolingana, ambapo upande mmoja unaweza kuuzidi mwingine. Mada zote mbili zimo katika silabasi ya Gredi ya Saba, iliyoanza kufundishwa mwaka wa 2023, mwaka uleule KCPE ilipofanywa kwa mara ya mwisho.

Mlinganyo ndio mwepesi. Mteja ametoa Sh200, akachukua mitungi 6 na kurudishiwa Sh80. Bei ya mtungi ikiwa b, basi 6b + 80 = 200. Ondoa 80 kila upande, ubaki na 6b = 120; gawanya kwa 6, na b ni Sh20. Ni mizani: linalotendwa upande huu sharti litendwe na ule. Neno lenyewe aljebra latokana na Kiarabu al-jabr, yaani kurejesha kilichopungua, lililomo katika anwani ya kitabu alichokiandika Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi mjini Baghdad katika karne ya tisa.

Kinachowashinda wengi si kutatua bali kuandika. Hisabati hufundishwa kwa Kiingereza, na usemi wa lugha hiyo wenye maana ya "angalau" umebeba ndani yake neno la "kidogo kabisa". Mwanafunzi hulikamata neno hilo na kuandika alama ya "ndogo kuliko", ilhali "angalau 300" ni 300 au zaidi. Afadhali ajiulize kwanza kwa Kiswahili: je, 301 inakubalika? Na 299?

Tuseme familia ina Sh500 za wiki, mtungi ni Sh20, na lazima zisalie angalau Sh300 za chakula. Idadi ya mitungi ikiwa m, tunaandika 500 − 20m ≥ 300. Tukiondoa 500 pande zote, twapata −20m ≥ −200.

Hapa ndipo mtego ulipo. Ukigawanya kwa nambari hasi, alama hugeuka: m ≤ 10. Sababu yake si siri, ingawa mara nyingi kanuni hukaririwa bila kuelezwa. Nambari 3 ni kubwa kuliko 2, lakini −3 ni ndogo kuliko −2, kama vile mwenye deni la Sh300 alivyo chini ya mwenye deni la Sh200. Asiyegeuza alama hupata m ≥ 10. Akijaribu mitungi 15, zitasalia Sh200 pekee, na kosa litajianika lenyewe. Jaribio hilo huchukua nusu dakika.

Makosa kama haya yana gharama. Mtihani wa KJSEA wa Gredi ya Tisa, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2025, huchangia asilimia 60 ya alama za kumpeleka mwanafunzi Sekondari Pevu, na hisabati ni miongoni mwa masomo yake.

Sasa bei ipande hadi Sh30. 500 − 30m ≥ 300 hutoa m ≤ 6.67, kwa kukadiria. Mwanafunzi aliyezoea kukaribisha desimali ataandika 7. Lakini mitungi 7 ni Sh210, na zitasalia Sh290, pungufu ya pesa za chakula. Jibu ni mitungi 6.