Damu Inapokabiliana na Homa ya Mafua: Nafasi ya Chembe Nyeupe na Chembe Sahani

Utangulizi

Homa ya mafua, yaani influenza, ni ugonjwa unaodharauliwa kwa kuwa jina lake huchanganywa na mafua ya kawaida. Hata hivyo, maradhi haya mawili husababishwa na virusi tofauti. Virusi vya influenza hushambulia utando wa pua, koo na mapafu, na ni nadra kupatikana katika damu. Licha ya hayo, damu huathirika pakubwa. Makala haya yanakusudia kueleza athari hiyo.

Chembe nyeupe

Seli za mapafu zikivamiwa, hutoa protini za kuutahadharisha mwili. Nutrofili ni miongoni mwa chembe nyeupe zinazotangulia kuitikia wito, nazo monositi hutoka katika damu na kuingia mapafuni. Limfositi, ambazo ndizo zinazoitambua aina mahususi ya virusi, mara nyingi hupungua katika damu siku za mwanzo za ugonjwa. Upungufu huu usifasiriwe kuwa askari wametoroka vita. Baadhi huhamia mapafuni na katika tezi za limfu, na nyingine hufa.

Chembe sahani

Chembe sahani ni vipande vya seli kubwa za uboho. Hazina kiini na huishi takribani siku 7 hadi 10. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo kati ya 150,000 na 450,000 katika kila mikrolita ya damu. Jina lake limetokana na umbo, wala halidokezi kazi. Kazi inayojulikana zaidi ni kuziba jeraha ili damu isivuje. Kwa hakika, hizi ndizo mafundi wa kuziba ufa kabla ya kujenga ukuta.

Aidha, utafiti wa karne hii umebainisha kuwa chembe sahani ni walinzi pia. Zina kipokezi kiitwacho TLR7 ambacho hutambua RNA ya virusi. Zikishaamshwa, hushikamana na nutrofili na kutoa protini ya kinga iitwayo C3. Protini hiyo huchochea nutrofili kutoa nyuzi za DNA zinazotanda mithili ya wavu na kunasa vimelea. Tatizo ni kwamba wavu huo ukizidi, hunasa chembe sahani nyingine. Hapo damu huweza kuganda katika mishipa midogo ya mapafu, na hesabu ya chembe sahani hushuka kwa baadhi ya wagonjwa mahututi.

Athari kwa moyo

Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu wagonjwa wa Ontario, Kanada, ulionyesha kuwa uwezekano wa kupata mshtuko wa moyo uliongezeka takribani mara 6 katika siku 7 za kwanza baada ya influenza kuthibitishwa. Kuamshwa kwa chembe sahani ni mojawapo ya sababu zinazotajwa.

Hitimisho

Ni dhahiri kwamba kinga nayo ina kipimo: fundi wa kuziba ufa akipitiliza, huziba hata mlango. Kwa hivyo, mzee au mgonjwa wa moyo anayeugua influenza asiambiwe kuwa ni mafua tu. Chanjo, ambayo hurudiwa kila mwaka kwa sababu virusi hivi hubadilika, humkinga dhidi ya homa yenyewe na hupunguza hatari inayoufuata moyo wake.